Novemba Hii au Ile ya 2016

Columbus, 2 Machi 2014

Baba mdogo Nkusi,

Bwana asifiwe. Goti linaendeleaje na baridi ya Louisville? Sisi wazima. Kila Jumamosi nakusanya saini mtaani kwetu Clintonville, ili watu wa Ohio wapige kura Novemba hii kuruhusu ndoa za jinsia moja. Bon, basi, chama chetu cha kampeni kimegawanyika: wengine wanataka tungoje 2016. Mimi nasema sasa.

Nina ombi pia. New York wanaruhusu tayari. Mwezi wa tano nataka kufunga ndoa na Laurentine kwao Buffalo, huko huko New York. Mama yake, Mama Agata, amekubali, ila anataka kumsikia msemaji wa ukoo wetu akiposa kama mila inavyotaka. Baba hayupo tena. Msemaji ni wewe.

Mwanao,
Isaro

Louisville, 10 Machi 2014

Binti yangu Isaro,

Goti linanung'unika, mimi sinung'uniki. Nafurahi mko wazima.

Nikueleze, maana nilifundisha uraia kwetu Uvira miaka ishirini na miwili. Novemba hii hakuna uchaguzi wa rais. Vijana watabaki nyumbani, vituo vitajaa wazee kama mimi, na sisi bado hamjatushawishi. Mkishindwa, mtaambiwa wananchi wamekwisha kusema, na kuwauliza tena kutachukua miaka. 2016 watajitokeza wengi.

Hata la Buffalo lingojee. Ohio hawatakitambua cheti chenu. Nami ni mzee wa kanisa hapa mtaani Newburg, kuna watu wa kuandaliwa polepole. Nitasema, kwa wakati wake.

Baba yako mdogo

Columbus, 7 Septemba 2014

Baba mdogo,

Natumaini hamjambo. Chama kimeahirisha hadi 2016, kwa hoja zako karibu neno kwa neno. Nilikasirika, halafu nikakubali: kuhusu Ohio ulisema kweli.

Lakini mimi si Ohio. Tulifunga ndoa mwezi wa tano. Mama Agata aliuliza, "Msemaji wenu yuko wapi?" Nikasimama nikajisemea mwenyewe. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ila nilipoketi kicheko kiliniishia.

Nani hasa hakuwa tayari? Wapiga kura?

Isaro

Louisville, 28 Juni 2015

Mwanangu,

Hujambo? Na Laurentine, hajambo? Miezi tisa ya kimya ni kosa langu.

Juzi Mahakama ya Juu iliruhusu ndoa hizi kwa nchi nzima. Wewe ulisema 2014, mimi 2016, na majaji wakachagua mwaka ambao hatukuutaja. Nilikuandikia kurasa mbili za maelezo, nimeziweka kando.

Uliuliza nani hakuwa tayari. Ni mimi. Leo baada ya ibada nimewaambia wazee wenzangu wa kanisa juu yenu. Mzee Mutware hakunipa mkono. Mama Veridiana alinipa, akauliza, "Sasa wewe ulikuwa unangoja nini?"

Msemaji aliyechelewa bado anapokelewa?

Baba yako mdogo

Columbus, 3 Julai 2015

Baba mdogo,

Hatujambo kabisa. Nimempigia Mama Agata. Anasema, "Aje, ila aanze mwanzo. Binti ni wa nani, wametoka milima gani, wanataka nini kwangu. Asiruke kitu." Nikamwonya kwamba hajui anachoomba. Akasema atapika chakula cha siku mbili.

Ni Jumamosi tarehe 18. Panda basi hadi kwetu Alhamisi, tutakwenda Buffalo pamoja. Zile kurasa mbili zilete, Laurentine anataka kubishana nawe njiani.

Mwanao,
Isaro