Kimya Changu Kwenye Bodi ya Umeme

Jumanne, wiki ya saba ya kufungiwa ndani kwa ajili ya korona

Na bado ananiita mheshimiwa! Leo mchana Mama Furaha alisimama nje ya geti na barakoa yake, akaniwekea kwenye ngazi bakuli la sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu. "Mheshimiwa, ulituongelea kwa ile bodi ya umeme? Tuko tunakuombea kila siku." Yeye ndiye aliyezunguka mtaa wetu huu wa ugenini, Smithfield nzima, kunitafutia kura za kuingia kwenye bodi.

Sikuongea. Asubuhi, kwenye mkutano wa bodi kwa skrini, mwenyekiti aliuliza kama kuna anayepinga bei ya umeme kupanda. Nikanyamaza. Kwetu mdogo akinyamaza mbele ya wakubwa, wanajua hajaridhika, wanamuuliza tena. Hapa hakuna aliyeniuliza. Kimya changu kikaandikwa kuwa ndiyo.

Lakini nisijidanganye. Huu ni mwaka wangu wa tatu pale, desturi yao naijua. Mwenyekiti aliwahi kunisifu kwamba mimi si msumbufu, na sifa ile niliipenda.

Nilimjibu Mama Furaha, "Nilijaribu, mama." Akamshukuru Mungu kwa sauti, akasema atawaambia wanawake wa kanisani nilivyowapigania.

Sombe imepoa. Nina njaa, na nimeshindwa kufunua bakuli.