Ukoka wa Nyumba ya Wageni

Nyumba za Watumishi,
Tabora.
20 Oktoba, 1974.

Mpendwa Baba mdogo Marko,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Korogwe, wewe na Mama mdogo na wadogo zangu. Je, ule mkono uliochomwa na mkonge umepona? Bibi huniuliza kila siku, nami sina la kumjibu. Sisi tunapumua. Mama alijifungua salama mwezi uliopita, mtoto wa kiume, amepewa jina la babu, Anselm. Baba alikuwa na homa kali, lakini sasa ameinuka kitandani.

Mvua bado. Tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na huo nao tunaupangia foleni. Bomba hutoa maji kidogo alfajiri, halafu hukoroma tu mpaka kesho yake.

Bibi tunaye tangu mwaka jana, watu wa kule Kigwa walipohamishiwa kijiji kipya. Nyumba yake iliezuliwa paa yeye akiwa ndani anakusanya vyungu. Mwezi wa tatu alikwenda na Baba kuchukua kinu chake, wakakuta nyasi zimefika kizingitini. Bibi hakuingia. Alisimama mbali akasema, "Hapa amekufa mtu," wakarudi bila kinu.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nikuandikie. Mwishoni mwa Septemba Bwana Kornel, msimamizi wa nyumba ya wageni iliyo hatua chache kutoka hapa, ambako Baba alikuwa akitunza bustani, alimwambia kwamba tarehe 12 wangekuja wageni kutoka nchi za nje kutazama vijiji vya ujamaa. Alitaka uwanja wa mbele uwe kijani, maana ulikuwa mchanga mtupu. Baba alisema katika kiangazi hiki hata mbegu zingeogopa kuota. Bwana Kornel akajibu kwamba hiyo ni kazi ya Baba, si yake.

Basi Baba alishuka bondeni, akakata ukoka vipande vipande pamoja na udongo wake, akavileta kwa mkokoteni na kuvipanga kama matofali. Alinifundisha yote. Kwanza unalowesha ardhi ya chini, ndipo unalaza kipande. Kingo zibanane, upepo usipite katikati ukakausha mizizi. Kisha unagandamiza kwa ubao. Unamwagilia kabla jua halijachomoza na tena likishapoa, mpaka ukisukuma kidole chini ya kipande usikie baridi. Na mtu asikanyage hata kidogo mpaka mizizi ishike.

Siku ya tano homa ikamwangusha Baba. Mama alikuwa na kichanga. Nikawa namwagilia mimi, madebe sita asubuhi na sita jioni, kutoka kisimani. Jirani yetu Mwanahawa alikuwa akiniona tu anawaambia wenzake, "Mpisheni bibi harusi, majani yake yana kiu!" Wanawake walicheka, nami nilicheka nao, lakini niliona haya. Wengine walikuwa wamesubiri tangu usiku wapate ndoo moja ya kupikia.

Bibi naye aliuliza ukoka huo unaliwa na nani. Nilimwambia ni wa wageni. Akasema, "Wageni gani wanaokula majani?" Nikacheka, sikumweleza vizuri. Hilo ndilo kosa langu, Baba mdogo, na nimeliungama kwa padri.

Jumatano tarehe 9 ilikuwa zamu ya darasa letu katika shamba la shule. Nilimwagilia mapema, nikaacha madebe mawili yamejaa kwa ajili ya jioni, nikaondoka. Bibi alipoamka akaona wageni wamekaribia, mwanawe mgonjwa, na nyasi zimefika mlangoni. Alichukua jembe. Aling'oa vipande vyote, akavirundika ukutani, akanyunyiza yale madebe yangu mawili kutuliza vumbi, kisha akafagia uwanja mzima kwa ufagio wa njiti, mistari imenyooka kama ya daftari. Halafu akaenda kitandani kwa Baba. Mama anasema uso wake uling'aa. Alimwambia, "Sylvester, mwanangu, lala upumzike. Nimekusafishia. Wageni wakija watajua hapa wanaishi watu."

Baba akamwambia, "Asante, mama." Alisubiri mpaka Bibi alipokwenda kujilaza mchana ndipo akatoka, anatetemeka na blanketi mabegani. Nilipofika saa nane nilimkuta amepiga magoti akirudisha vipande. Tulifanya kazi pamoja mpaka jioni, Mama akimshughulisha Bibi ndani na kichanga, lakini jua lilikuwa limekwisha kula mizizi. Kesho yake ukoka ulikuwa na rangi ya kamba kuukuu.

Bwana Kornel alikuja akauliza nani amefanya haya. Baba alisema, "Mimi, bwana. Ni homa, sikujua nifanyalo." Bwana Kornel akamkazia macho. "Homa gani inayoshika ufagio, Sylvester?" Baba aliniambia baadaye kwamba kama angemtaja Bibi, wangesema hapa tunafuga mpinga maendeleo, na mama yake amekwisha hamishwa mara moja, inatosha.

Wageni walikuja Jumamosi. Walikunywa chai, wakaondoka kabla ya saa sita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya uzio. Sikuona hata mmoja akitazama chini.

Jumatatu Baba alipewa barua ya kuachishwa kazi. Nyumba tunatakiwa kuiacha tarehe 31. Tutakwenda kwenye kile kijiji kipya alikoandikishwa Bibi, Baba akajenge kabla ya mvua, kama itakuja. Mwalimu wangu, Mwalimu Eustadia, amekubali nikae kwake mpaka nimalize darasa la saba. Nasoma kwa bidii. Nikichaguliwa kwenda sekondari, huenda siku moja nikawapa wazee hawa nyumba isiyohamishwa.

Ninalokuomba ni hili. Bibi hajui. Baba amemwambia kwamba kazi ilikuwa ya kungojea wageni tu, na kwa kuwa wamekwisha kuja, imekwisha. Barua zako humsomea mimi, lakini yeye hunikalia karibu na kunitazama mdomo, nami sijui kudanganya. Naomba uandike kwa mkono wako kwamba wewe pia ulijua tangu zamani kuwa kazi ile ilikuwa ya muda. Uandike wazi, nisome kilichopo.

Tena usimhurumie katika barua. Amefurahi kwamba tunakwenda mahali atakapokuwa na uwanja wake. Wakati naandika haya amekaa mlangoni, anafunga ufagio mpya wa kwenda nao.

Baba, Mama na Bibi wanakusalimu sana. Msalimie Mama mdogo, umbusu Amne mdogo ambaye sijamwona. Mungu awalinde huko kwenye mikonge, naye atukutanishe tungali wazima.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,
Veneranda Sylvester