Mwenye Nyumba Hayuko Moroni

Mutsamudu, 1983

Kwezi mjomba Ibouroi,

Sijapata kumwambia mtu: nyumba ya marehemu mama, ile mnayoiita gofu, ndimo ninamosomea kila nikitoka shule. Sisi wazima. Bibi anasema wewe mwanawe umemsahau.

Ila nimechoka, mjomba. Jumatatu mzungu mmoja wa wale mamluki wanaomlinda rais alikuja na ramani ya kuujenga upya mtaa wetu wa kale, uwe mabweni ya wanachuo. Akapaka alama nyekundu ya kubomoa mlangoni mwa nyumba ya mama, akauliza mwenye nyumba ni nani.

"Ni baba, yuko Moroni, ameshakubali," akajibu mwanao Boina.

Tangu lini mwanamume wa kwetu akatoa nyumba? Bibi alimpa mama alipoolewa, mama akaniachia mimi, binti yake. Nikasema, "Mwenyewe ni mimi."

Boina akacheka. "Wewe? Hata darasani husikiki, leo una nyumba?"

Mtaa ujengwe, sikatai. Mapaa yanavuja na maduka yamefungwa. Lakini niulizwe mimi.

Jana nilifagia, nikahamishia humo kitanda, jiko na bibi. Tumelala humo. Mkija kubomoa, pigeni hodi. Atakayefungua ni mama yako.

Mpwa wako,
Koultoumi