Wamenipima Nikiwa Sijala

Alhamisi. Upepo umevuma tangu alfajiri, baridi ya Ufipa imeingia mpaka kwenye mifupa, na mimi nimekasirika. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikisubiri mpaka kesho nitaanza kuwatetea watu wasiostahili kutetewa.

Leo nimepimwa kama nina ulemavu. Jibu ni kwamba sina.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: utumbo wangu mpana huvimba na kutoka vidonda. Daktari wa Mbeya aliniambia ugonjwa huu hauambukizi, wala hauishi moja kwa moja. Hutulia, kisha hurudi. Ukirudi, naenda chooni nikikimbia, na kinachotoka kina damu. Kuyaandika haya sioni aibu tena. Kuyasema ndiko kunakonishinda.

Novemba nafanya mtihani wa kidato cha nne. Nataka nikae karibu na mlango, niruhusiwe kutoka, na dakika ninazopoteza chooni nirudishiwe. Sitaki kusaidiwa majibu. Katika mtihani wa majaribio nilitoka katikati ya Historia, na msimamizi akasema anayetoka ametoka. Karatasi yangu ilikusanywa nusu yake ikiwa tupu. Mkuu wa shule alinihurumia, lakini akasema hawezi kuniombea chochote mpaka wataalamu wa mjini wathibitishe ulemavu wangu.

Darasani wananiita Mwenyekiti. "Mwenyekiti, kikao kimefungwa?" Prosper huniuliza kila nikirudi kutoka chooni, na wenzake huanguka kwa kicheko. Nasoma ili nimpite. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo kwa sasa.

Basi leo mimi na mama tulipanda gari la asubuhi kutoka Mwimbi kwenda Sumbawanga. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana mchana. Ndivyo ninavyosafiri siku zote, maana dereva hasimami porini kwa ajili ya tumbo la mtu mmoja. Mama hakuuliza kwa nini sili. Amezoea.

Kwenye ofisi ya wataalamu hao tulimkuta mpimaji, mzee mmoja mwenye koti zito, na kijana wa kike kwenye meza ya pili. Mama alikunja magoti, akapiga makofi taratibu kama tunavyowasalimu wakubwa kwetu. Mzee akauliza nina tatizo gani.

"Tumbo linamsumbua, baba."

Akaishia hapo. Mama yangu hawezi kutamka habari za choo mbele ya mwanaume wa rika la baba yake. Hakulelewa hivyo, nami sikulelewa hivyo.

"Tumbo?" Mzee akamgeukia yule dada. "Mbona hata langu linanisumbua, hasa ikifika mwisho wa mwezi."

Dada akacheka. Mama naye akacheka, kwa adabu.

Kicheko cha mama ndicho kilichoniuma.

Nikaanza kupimwa. Nilisoma herufi zilizobandikwa ukutani. Nikatembea mpaka mlangoni na kurudi. Nikainua mikono, nikakunja vidole. Aliuliza kama naweza kuoga na kuvaa bila msaada, nikasema ndiyo. Hakuuliza nguo hizo huwa nazibadilisha mara ngapi kwa siku.

Mwishoni ndipo akaligusa jambo lenyewe, tena kwa mzaha. "Haya, binti, leo umekwenda chooni mara ngapi?"

Nimefundishwa kutosema uongo. Nikasema, "Sijakwenda."

"Umesikia, mama? Kwa nini mnamtafutia ulemavu mtoto mzima kama huyu? Mchumba akisikia je?"

Nilifungua mdomo nimwambie kuwa sijakwenda kwa sababu sijala, na sijala ili niweze kufika mbele yake. Mama akanigusa goti. Nikafunga mdomo.

Nawachukia wote watatu kwa dakika ile. Yule mzee, yule dada, na mama. Nimeliandika, na silifuti. Walipima miguu, macho na mikono yangu, vitu ambavyo havijawahi kuninyima usingizi. Walinipima siku niliyojinyima chakula ili nifanane na mtu mzima, wakanisifu kwa uzima huo.

Tukiwa njiani kwenda stendi nilimuuliza mama kwa nini alinizuia. Sauti yangu haikuwa ya mtoto anayezungumza na mzazi wake.

"Yule ni mtu mzima, mwanangu. Ningesemaje?"

"Na nikifeli, mtasema nilikuwa mvivu?"

Akatangulia mbele yangu. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri gari, vumbi likitupiga usoni. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema, "Tukitoka yule dada kaniambia Jumatatu daktari mwenyewe atakuwepo. Tutarudi. Utasema wewe. Mimi nitatazama dirishani."

Kwa mama yangu hayo si maneno madogo. Nilitaka kumshika mkono, lakini bado nilikuwa na hasira, nikaacha.

Jumapili tutalala Izia kwa shangazi, karibu na ofisi ile, ili nisiwe na safari ya kuogopa. Asubuhi nitakula. Nitakula ugali wa ulezi na maharage mpaka nishibe, kama watu wengine wanavyokula kabla ya kwenda mahali. Kisha nitakwenda kukaa kwenye kiti chao, na nitasema "choo" na "damu" kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya pili.

Naogopa. Tumbo linaweza kunianza njiani, au mbele ya daktari, mama akiwa ameangalia nje.

Lakini wakiniambia tena kwamba mimi ni mzima, sitaomba ruhusa ya kutoka. Nitabaki nimekaa pale pale kwenye kiti chao, hata tumbo likinianza, wapime wenyewe.