Baba Hakukataa

Ilomba, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Kaka Sedekia,

Kamwene, Kaka. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Devotha na binti yetu Blessing, na kwamba kile kikohozi chako kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Jofrey anakusalimu. Anavuna viazi na mgongo unamlalamikia. Mvua ni nyingi mno, nguo hazikauki.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Kwenye simu wewe hunishinda. Nikianza jambo unanitania, nacheka, na jambo langu linapotea. Kwa hiyo leo kaa chini usome mpaka mwisho.

Ni habari ya pikipiki ya Baba. Unakumbuka siku ya kumaliza matanga, Baba Mdogo Bartholomeo alinikabidhi ufunguo mbele ya ukoo, akasema marehemu alitamka mwenyewe kwamba pikipiki yake ya uinjilisti apewe Damari, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimshikia spana. Wajomba waliguna: tangu lini chombo cha baba kikaenda kwa binti aliyeolewa? Wewe ndiye uliyepiga makofi wa kwanza. Ukasema niiache kwako uifanyie sevisi, halafu utaipakia kwenye lori linalokwenda Rujewa kuchukua mchele, niipokee huko. Nilikupenda siku ile kuliko siku zote.

Niliipokea Rujewa inang'aa. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, lakini kufika kilima cha Inyala, injini imeshapata moto, ikaanza kukohoa. Inavuta, inakata, inavuta, inakata, kisha inapiga mshindo kwenye bomba la moshi na kuzima. Ikipoa inawaka kana kwamba si yenyewe. Ikawa hivyo kila siku. Kwenda sokoni Soweto naipanda, kurudi naisukuma, hata akina mama wa hapa Ilomba wakaniuliza kama ile ni pikipiki au ni ng'ombe nampeleka malishoni.

Nilipokueleza, hukucheka. Ulisema kwa upole kwamba huenda Mzee hajaridhika. Neno lile likafika kwa wajomba, likafika kwa Baba Mdogo, likamkuta Mama. Mama akaniambia na yeye amemwota Baba amempa kisogo. Ndiyo maana nilikuja Iringa nikapiga magoti kaburini, nikamwomba Baba msamaha kwa kosa nisilolijua, nikamwahidi kwamba pikipiki nitamrudishia mwanawe wa kiume. Mama alikuwa analia nyuma yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, na wewe ndiye uliyetushikia mwamvuli.

Lakini Baba alinifundisha kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kibovu. Nikaamua kuitafuta shida kwanza. Plagi ilikuwa nyeusi tititi, nikaweka mpya, ikakohoa vilevile. Nikafungua kabureta nikaisafisha, nikamwaga petroli nikatia nyingine, vilevile. Ndipo nikakumbuka Baba akisema kwamba chombo kinachougua kikiwa cha moto, kitazamwe kikiwa cha moto. Nikapanda nayo kilima mpaka ikazima, nikachomoa plagi palepale kando ya barabara, nikaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Asubuhi, ikiwa baridi, cheche ilikuwa ya bluu na inalia. Pale ilikuwa ya njano, nyembamba, na mara nyingine haipo kabisa. Fundi Isakwisa wa jirani akaniazima koili, kile kidude kinachoipelekea plagi umeme wake. Nikapanda kilima kilekile bila kikohozi hata kimoja. Nilipiga vigelegele peke yangu kama kichaa.

Sasa nilipokwenda kuitoa ile koili mbovu, nikakuta imefungwa kwa waya. Hapo nikajua si ya Baba. Koili ya Baba ilikuwa imekaa kwenye kipande cha jembe kuukuu, kwa sababu kishikio cha kiwandani kilivunjika zamani. Mimi ndiye niliyekishika hicho kipande Baba akikigonga, akakosea akaniponda kidole, na kovu ninalo. Nilikupigia simu. Ukasema watu wa malori siku hizi ni wezi watupu, ukanipa pole. Nikawalaani watu wa malori, Mungu anisamehe.

Kaka, siku ya kipaimara cha Blessing mvua ilipoanza, wifi aliniomba niisogeze pikipiki yako barazani isilowe. Nikainama kutafuta mahali pa kushika. Chini ya tangi lako kipo kipande cha jembe, na koili ya Baba juu yake. Nilikigusa kwa kidole kilekile. Kisha nikarudi kugawa pilau, nawe ukanitania mbele za wageni kwamba nimekonda kwa kusukuma pikipiki. Wageni wakacheka, na mimi nikacheka.

Imeniuma, Kaka, imeniuma sana. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeyasema maneno hayo tangu utotoni bila kuyaelewa. Ungesema tu kwamba unaitaka ile pikipiki, ningekupa ufunguo palepale mbele ya ukoo. Lakini ulimsingizia marehemu. Uliniacha nipige magoti kwenye matope nimlilie Baba kwa ajili ya koili, nawe umesimama hapo unajua. Na Mama mpaka leo anaamini mumewe ametukasirikia. Devotha aliniambia Mama hapiti tena hata njia ya kaburini.

Sijamwambia mtu, hata Jofrey. Ile koili yako mbovu uliyonibadilishia nimeifunga kwenye kifurushi hiki pamoja na barua. Ile ya Baba kaa nayo, mimi nimeshaweka nyingine. Ninalolitaka ni moja. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitakuja Iringa na pikipiki, milima yote nitaipanda nayo, na nitafikia kaburini. Mlete Mama pale, umwambie kwa mdomo wako ni nani aliyeifanya ikohoe. Usipomwambia wewe, nitawaambia mimi, yeye na ukoo mzima, na sipendi tufike huko.

Nisalimie wifi sana, na Blessing mwambie shangazi yake anamletea ile sketi ya kwaya, imekwisha kushonwa. Wasalimie wote wanaotuulizia.

Kama mvua itanyesha siku hiyo, usihangaike. Safari hii mwamvuli nitaushika mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Damari