Zamu ya Mwisho Ndivani

Jumamosi, mwezi wa Agosti. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mimi sina raha.

Insha yangu iko mezani. Niseme kweli, ziko mbili. Jumatatu nateremka Same kupanda treni ya kurudi Kampala, na lazima niwe nimechagua moja.

Katika shule ya misheni huku nyumbani nilikuwa wa kwanza kila mwaka kwa sababu moja tu: alichosema mwalimu nilikirudisha kizima, bila kudondosha hata nukta. Aliyeuliza "kwa nini" alichapwa. Nilidhani chuoni ni vivyo hivyo, ila vitabu ni vinene zaidi. Kumbe! Bwana Wharton, Mwingereza anayetufundisha historia, hutuketisha wanane chumbani mwake, akatumiminia chai, kisha akauliza, "Nani anaona nimekosea?" Sote tunatazama viatu vyetu. Insha yangu ya kwanza aliirudisha bila alama, ameandika pembeni: "Haya ni maneno yangu. Yako yako wapi?"

Nikishindwa na hii ya pili, nafasi yangu chuoni imekwisha. Alinieleza hivyo kwa upole, na upole wake ndio unaonitia shaka zaidi.

Maana swali alilonipa ni hili: je, serikali ilifanya sawa kuamuru kwamba ndiva zetu, yaani mabwawa tunayokusanyia maji ya kumwagilia, zisimamiwe na bwana shamba badala ya wazee? Swali gani hilo? Mzungu anataka maoni yangu juu ya serikali ya Wazungu, kwa maandishi, jina langu likiwa juu? Mjomba alisema neno moja tu kuhusu amri hiyo sokoni Hedaru, akaitwa bomani siku tatu mfululizo. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Nikinaswa mimi, baba naye ataitwa.

Basi nimeandika insha moja ya kuisifu serikali mwanzo hadi mwisho. Nyingine nimeandika ninavyoona, nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa.

Leo ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope la ndiva. Tulipomaliza tukakaa kupanga zamu za maji kama wazee walivyopanga siku zote, amri au hakuna amri. Desturi ni kwamba kila nyumba inasema nani atangulie, na kwa nini. Baba anaumwa mgongo, kwa hiyo mimi ndiye niliyeisemea nyumba yetu. Nikasimama, nikasema kwa adabu ya msomi, "Shikamooni wazee. Mimi nitakubali lolote mtakaloamua."

Nikaketi.

Nilidhani nimewapendeza. Kisha Mama Namcharo, mjane tunayepakana naye shamba, akacheka kicheko kikavu. "Mwanangu, asiyetuambia anachotaka, maji atajifungulia mwenyewe tukigeuka."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Msimamizi wa ndiva akanitazama kama mtu aliyekutwa na jembe penye mfereji usio wake. Tukapewa zamu ya mwisho. Maharage ya mama yatasubiri siku tisa.

Mimi! Mimi ambaye sijawahi kuiba hata tone!

Nimerudi na aibu njia nzima. Mama hakunigombeza, aliuliza tu, "Kwani Kampala mnafundishwa kunyamaza?" Mwaka mzima nimemshuku Bwana Wharton kwa sababu anauliza. Sikuwaza hata siku moja kwamba yeye naye, akitutazama wanane tumeinamia viatu, huenda alikuwa akitushuku sisi.

Bado simwamini. Hilo nisilifiche. Huenda ni mtego kweli, na chai ile ndiyo chambo.

Lakini jina litakalokuwa juu ni la baba pia, kwa hiyo nimemsomea ile insha iliyofichwa. Alisikiliza amelala kifudifudi, mama akimkanda mgongo kwa maji ya moto. Nilipomaliza akasema, "Umesahau kuandika kwamba bwana shamba hajawahi kuzoa tope."

Nimeiongeza sentensi hiyo. Insha ya sifa mama ameiwashia moto jikoni. Juu ya hii iliyobaki nimeandika jina langu na la baba, herufi kubwa.

Naogopa. Ila wakiniita bomani, angalau wataniita kwa jambo nililolisema.