Albamu Bora ya Mwezi wa Tano

Bagamoyo, 9 Mei 2025

Mdogo wangu Najim,

Assalamu alaikum. Sisi huku tu wazima wa viungo. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa naongopa. Wewe na baridi ya Rotterdam mnapatana? Wifi hajambo? Yasmini anaendeleaje na shule? Nakuandikia barua nzima kwa simu kwa sababu nikikupigia nitapiga kelele, na dukani kuna wateja.

Jana kaja dereva wa lori, Shuaibu, anayenunua nyimbo kwangu kila akishuka kutoka Msata. Kanipa flashi. "Dada Wahida, kila Ijumaa unatuandikia ubaoni albamu tatu mpya za kusikiliza. Leo mimi nimekuletea yako. Mpwa wangu kaishusha mtandaoni, Wazungu wanaigombania." Nikaichomeka. Vijana wa bodaboda wamejaa kwenye kaunta wanasubiri memori zao. Spika zangu mbili, Najim, zinatazama stendi.

Ikatoka sauti ya Mama.

Wimbo wa ndani kabisa, ule wa kumwonyesha mwali mambo ya mumewe. Nilichomoa waya, lakini ubeti wa kwanza ulishapita. Kijana mmoja akasema, "Huyu si Bi Ashatu wa Kaole? Kumbe bibi mtundu hivi!" Wakacheka mpaka wakapigana mabega. Shuaibu peke yake hakucheka. Aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Mwaka jana ulikuja likizo, ukamwambia Mama kwamba Yasmini amevunja ungo na huko hakuna somo wa kumfunda. Mama alikataa. Kungwi haimbii mashine, alikwambia. Ukambembeleza, akakubali kwa ajili ya mjukuu wake. Akamwita kungwi mwenzake, Saida, amwitikie, wewe ukatolewa nje, mlango ukafungwa. Ile ilikuwa rekodi ya mtoto mmoja. Imefikaje kwenye flashi ya dereva?

Nijibu kabla Mama hajasikia.

Dada yako,
Wahida


Rotterdam, 14 Mei 2025

Dada Wahida, shikamoo.

Hatujambo wote, alhamdulillah. Yasmini anakusalimu sana. Pole kwa mshtuko, Dada. Nilitaka iwe furaha ya kuwashtukiza.

Unalijua duka ninalofanyia kazi: dogo, la mtu binafsi, la wapenda santuri. Kila mwezi tunachagua albamu mpya za kuwapendekezea wateja, na kila moja tunaibandikia kadi ya maelezo. Mwenye duka alimsikia Mama kwenye kompyuta yangu, akasimama kama aliyepigwa na umeme. Wametoa santuri mia tano. Mwezi huu ndiyo ya kwanza kwenye orodha yetu, na wengine wanaisikiliza mtandaoni. Watu wanakaa wamefumba macho. Hawaelewi hata neno moja, kwa hiyo aibu iko wapi? Mama ni msanii. Huku anaheshimiwa kuliko huko. Fungu lake nitalituma.

Usimwambie kwanza. Nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Najim


Bagamoyo, 18 Mei 2025

Najim,

Salamu za Yasmini zimefika, mwambie shangazi yake anampenda. Za kwako ziache hapo kwanza.

Mama ameshajua. Alikwenda Mbegani kumcheza mwali, mtoto wa Bwanausi, akakuta kashawekwa kungwi mwingine. Mama wa mwali alimkaribisha sebuleni akamletea chai, kama mgeni. Alipomaliza chai, akamwonyesha simu.

Unasema hawaelewi. Waswahili nao wana intaneti, baba. Nami nimeitafuta hiyo kadi yako nikaipitisha kwenye mkalimani wa simu. Umeandika: "Nyimbo ambazo hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuzisikia. Hadi leo." Chini yake jina lako. Basi ulijua! Na hicho ndicho mlichokuwa mkiuza, si sauti.

Mimi pia nina duka la nyimbo. Nilianza na meza moja na redio ya kuazima, hakuna aliyenishika mkono. Ubaoni kwangu haipandi kazi ambayo mwenyewe hakuitoa kwa hiari yake. Kulijua hilo sikuhitaji kupanda ndege. Mmechapa mia tano. Wasichana wote waliopita mikononi mwa Mama tangu ujana wake hawafiki mia tatu. Tumewahesabu naye jana, mmoja mmoja, kwa majina.

Makungwi wanakutana Kaole Jumamosi hii. Wanaamini Mama kauza. Saida ndiye mkali kuliko wote, maana aliitikia kwa kuamini neno la Mama. Nataka mambo mawili. Muiondoe. Na ujirekodi, kwa sauti yako, useme ulimdanganya, niwachezee. Watakuamini, kwa kuwa hakuna mtu anayejisingizia fedheha. Hela usitume. Mama kasema hatazishika.

Na hili nijibu: Yasmini ameisikiliza?

Dada yako,
Wahida


Rotterdam, 6 Juni 2025

Dada, shikamoo.

Natumai presha ya Mama imetulia. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi.

Kuiondoa si rahisi kama unavyofikiri. Nilitia saini kwamba Mama ameridhia. Leo nikisema nilidanganya, mwenye duka atanifukuza, na kibali changu cha kuishi huku kimefungwa kwenye kazi hii. Nikirudi Bagamoyo, Yasmini atasoma wapi? Nimewaomba watoe wimbo mmoja mtandaoni, ule mkali. Wamesema watafikiria. Makungwi wape muda, Dada, ni watu wazima, watasahau.

Yasmini bado hajasikiliza. Kiswahili chake ni kidogo, angetaka nimtafsirie. Na mimi ni baba yake. Nitamtafsiriaje mambo kama yale?

Mdogo wako,
Najim


Bagamoyo, 7 Juni 2025

Najim,

U mzima, nimeona. Rudia kuyasoma maneno yako ya mwisho. Kumtafsiria mmoja unaona haya.

Jumamosi ile Mama alikaa mkekani, mimi nyuma yake. Aliwaambia, "Mwanangu atasema." Mkutano mzima nilikuwa naitazama simu, mpaka chaji ikaisha. Hawakumtukana. Saida alisema tu, "Bi Ashatu, kuanzia leo ukisikia ngoma, usije." Mama akainuka, akakung'uta kanga, akatafuta viatu vyake mlangoni, hakuna aliyemsogezea.

Tangu siku hiyo haimbi hata akipepeta mchele. Dawa za presha namkuta kazificha chini ya mto. Nimemhamishia kwangu mjini, na hapa nako hatoki nje, kwa sababu ya wale vijana wa bodaboda.

Sikuombi tena muiondoe. Nimeshusha bei, kama wewe ni mtu wa biashara. Nakuomba ile sauti tu. Kila jioni ananiuliza, "Mwanangu kasemaje?" Nimjibu nini?

Dada yako,
Wahida


Rotterdam, 20 Agosti 2025

Dada yangu Wahida, shikamoo.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeambiwa na binamu yetu Rajabu, si na wewe, kwamba Mama alifariki tarehe mbili mwezi huu na mmemzika Kaole. Sikulaumu. Miezi miwili nilikuwa naanza kukujibu kisha nafuta.

Nimejirekodi. Nimeiambatisha hapa. Nimesema yote: Mama nilimdanganya, kadi niliandika mimi, saini niliweka mimi. Na mwenye duka nimemwambia. Dada, hakunifukuza. Aliniuliza kwa nini sikusema mapema, na siku ileile akaitoa dukani na mtandaoni.

Tafadhali wachezee makungwi. Niambie wamesemaje.

Mdogo wako,
Najim


Bagamoyo, 24 Agosti 2025

Najim,

Wifi na Yasmini wasalimie. Sisi tupo.

Siku ya kumwosha Mama makungwi hawakuja. Nilimwosha mimi na jirani yangu Chausiku, wawili tu, maji tukayabeba wenyewe. Lakini jana nilipowaita kwa ajili ya sauti yako walikuja, saba, na Saida akiwa mbele. Niliicheza kwa simu, si kwenye spika, nikaishika katikati yao.

Hakuna aliyelia. Ilipoisha Saida aliuliza, "Ina muda gani hiyo?" Nikatazama. Dakika moja na sekunde kumi na moja. Akasema, "Irudie." Nikairudia. Akakunja ncha ya kanga yake, kisha akasema, "Siku ile ya mkutano tulikuwa tunaingoja hii. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu tusimhukumu mapema, tungoje. Tulingoja mpaka ikaadhiniwa adhuhuri."

Wakavaa viatu wakaondoka.

Ulitaka kujua wamesemaje. Wamesema hivyo.

Dada yako,
Wahida